Kalenda yenu haijui bamvua: barua ya wazi kwa kituo cha sayansi ya bahari kijijini kwetu

Kwa Mkurugenzi na Wanabodi,
Kituo cha Sayansi ya Bahari,
Pwani ya Kusini, Kenya.

12 Oktoba 2024

KUH: KUJITOLEA KWETU NA SIKU ZA JAMII KITUONI

Bwana Mkurugenzi, waheshimiwa wanabodi,

Assalaam alaykum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliifikisha mapokezi Septemba 2023, nakala yangu ikapigwa muhuri. Ya pili nilimkabidhi afisa wenu wa jamii mwezi wa Machi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, kisha akatua kikombe cha chai juu yake. Ya tatu niliileta Agosti, siku tatu baada ya kisa cha vifaranga nitakachokieleza. Jibu nililolipata kwa zote tatu ni ujumbe mmoja wa simu, wa kunishukuru kwa mchango wangu na kunikaribisha siku ya usafi wa ufuo. Ndiyo maana hii ya nne sikuileta mapokezi. Nimeibandika kwenye ubao wa banda la samaki, na vijana wameitia kwenye simu zao. Mtaisoma pamoja na kijiji.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilianza kujitolea kituoni mwaka 2017, mwaka uleule serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Nakumbuka vizuri kwa sababu kazi yetu ya kwanza ilikuwa kubandua mabaki ya mifuko hiyo kwenye mizizi ya mikoko. Tangu siku ile naweka daftari. Kila siku ya jamii naandika tarehe, mwezi una siku ngapi, maji yalikuwaje, nani alikuja, nani aliondoka mapema na kwa nini. Wanafunzi wangu wa zamani wananicheka kwa daftari hilo. Leo ndilo linaloniandikia barua.

Sina ugomvi na sayansi yenu. Kabla ya kituo kuja sikuwahi kutazama tone la maji ya bahari kwa hadubini. Siku nilipotazama, nikaona umati wa vijidudu vikihangaika humo ndani, nilirudi nyumbani nikashindwa kula kwa kusimulia. Watoto wa wavuvi wamejifunza kwenu kwamba matumbawe ni wanyama, si mawe, na kwamba joto la mwaka 1998 liliyaua mengi katika pwani hii yote. Wazee wao waliiona miamba ikigeuka myeupe, wakaambiana labda ni sumu, labda ni laana. Sababu yake tuliipata ukumbini mwenu. Hilo ni deni letu kwenu, na silikani.

Lakini yapo ambayo hayawezi kukaa tena chini ya kikombe cha chai.

1. Siku za jamii zinapangwa bila kuyauliza maji.

Bwana Mkurugenzi, mtoto wa darasa la nne wa kijiji hiki anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayajai sana wala hayaendi mbali. Anajua pia kwamba kwetu hapa maji ya bamvua hutoka kuanzia saa nne asubuhi kuelekea adhuhuri, kisha hurudi na kujaa jioni, saa kumi, saa kumi na moja. Hakuna aliyemfundisha. Amekua akimwona mama yake akiangalia mwezi kabla ya kuamua kesho atakwenda wapi.

Tarehe 8 Juni mwaka huu, Siku ya Bahari Duniani, iliangukia Jumamosi, mwanzo kabisa wa Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija. Mwezi mchanga, bamvua. Tangazo lenu lilisema usafi wa ufuo ungeanza saa nne asubuhi, na mimi nilifurahi, nikasema afadhali mara hii wameuliza mtu. Saa nne tulikuwepo. Ufuo nao ulikuwepo, mpana, taka zimelala wazi mpaka kule kwenye mawe. Tukaambiwa tungoje. Wageni wa mfadhili walikuwa kwenye treni ya asubuhi kutoka Nairobi, na baada ya treni kulikuwa na feri ya Likoni. Akina mama waliokuja na watoto mgongoni walingoja mpaka saa nane wakaondoka. Wageni walifika saa kumi. Kufikia saa kumi na nusu bahari ilikuwa inagonga ukuta wa shamba la jirani yenu.

Hapakuwa na ufuo wa kusafisha. Watu wenye fulana mpya walisimama kwenye ukanda wa mchanga usiozidi upana wa kanga, wakakusanya kilichokuwepo, yaani nyasi bahari zilizotupwa na mawimbi. Magunia yakapimwa kwa mizani huku yakichuruzika maji, na kilo zake zikaingia kwenye ripoti kama taka zilizoondolewa baharini. Nyasi bahari! Chakula cha kasa. Zikiachwa ufuoni hushika mchanga usibebwe na mawimbi. Hayo mlitufundisha ninyi wenyewe. Chupa, ndara na nyavu zilizochakaa tulizoziona asubuhi zilikuwa chini ya maji zikielea kuelekea kwa jirani.

La semina za akina mama linaniuma zaidi, kwa sababu hapo makosa yanaandikwa kwa jina lao. Wanaovua pweza kwa miguu kijijini hapa ni wanawake. Siku zao za kazi ni zile chache za kila bamvua, saa ileile maji yanapotoka na mwamba kuwa wazi. Maji yakirudi, kazi imekwisha mpaka kesho. Daftari langu linaonyesha kwamba mwaka jana mliitisha semina tano za wanawake na uhifadhi wa bahari. Nne zilikuwa siku za bamvua, saa nne asubuhi. Mwanamke anayekuja semina siku hiyo ameacha pweza wake mwambani, na pweza huyo ndiye karo ya mtoto. Wakaja wachache. Kisha ripoti yenu ikasema kwamba ushiriki wa wanawake bado ni mdogo kutokana na mila. Mila gani? Siku hizo wanawake wanaonekana kutoka dirisha la ukumbi wenu, wameinama mwambani, kanga zimefungwa viunoni. Mngegeuza shingo tu.

Sitakaa sana kwenye mkutano wa Ijumaa saa sita na nusu, wala wiki ya sayansi iliyowekwa ndani ya Ramadhani, ikatangazwa kuwa na chakula cha mchana cha bure. Tulikaa kivulini tukaitazama biriani ya watu.

2. Mikoko inapandwa pale kamera inapopapenda.

Tarehe 26 Julai 2023, Siku ya Mikoko Duniani, mlituita kupanda miche ya mkoko kwenye uwanda wa mchanga ulio mbele ya mililana, upande wa bahari. Mzee mmoja aliyekata mazio na boriti, miti ya kujengea, ujanani mwake, anayeujua msitu ule kama anavyojua vyumba vya nyumba yake, alisimama pembeni akasema, "Hapo mkoko haukai." Afisa wenu akamwambia kwa heshima kwamba mahali palishachaguliwa.

Kila mti pale una mtaa wake. Mlilana ndio unaosimama mbele kupokea mawimbi. Mkoko hufuata nyuma yake, kwenye tope. Mkandaa huelekea nchi kavu, ambako maji hufika siku za bamvua tu. Ukiutoa mkoko kwenye tope lake ukausimika mbele kwenye mchanga, unalala ndani ya maji kwa saa nyingi kuliko unavyoweza kustahimili, mawimbi yanautikisa, na mizizi haipati pa kushika. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ni peupe, viatu havizami, na mtu akipiga picha bahari inaonekana nyuma. Nilikwenda kuhesabu mwezi uliopita. Upepo wa kusi ulikuwa umemaliza kazi yake. Nilikuta vijiti, tena vichache, bila jani hata moja. Bango lenye idadi ya miche na majina ya waliogharamia bado limesimama imara. Ndilo pekee lililoota mizizi.

Wakati huohuo, nyuma ya kijiji, kuna kipande cha mikandaa kinachokauka kwa sababu kalavati la barabara limeziba, na maji ya bamvua hayaifikii tena. Hapo hapahitaji mche. Maji yakipita, mikoko hujipanda yenyewe, mbegu zinaletwa na bahari bila nauli. Vijana kumi wenye majembe na ruhusa ya wenye barabara wangelizibua kwa siku mbili. Niliandika hivyo kwenye barua ya kwanza. Nadhani tatizo ni kwamba mtu aliyeinama ndani ya kalavati hatoi picha nzuri.

Hapa hapa Kwale, kule Gazi, watu wa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wenyewe, wanatunza hekta 117 za mikoko tangu 2013, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayofyonzwa na miti yao, na wanakijiji ndio wanaoketi kuamua kama fedha ziende kwenye maji ya bomba au vitabu vya shule. Siwafanyi malaika. Najua tu kwamba huko anayeshika mche ana neno juu ya pa kuupanda.

3. Vifaranga wa kasa waliwekwa kwenye beseni wakingoja wageni.

Walinzi wa viota ni watu wetu. Wanapokezana usiku kucha, na tochi zao wamezifunga karatasi nyekundu ili zisimbabaishe kasa anayepanda kutaga. Kasa akitaga, huacha mayai mia moja na zaidi, nayo hukaa mchangani kama miezi miwili kasoro siku. Walinzi wanaijua kila siku ya hizo. Wanajua mpaka kiota kipi kilikaribiwa na mbwa.

Agosti mwaka huu, shule zikiwa zimefungwa, kiota kimoja kilifunguka usiku, kama vinavyofunguka vyote: mchanga unapopoa, vifaranga hutoka kwa pamoja gizani na kuufuata mwanga wa bahari. Mlinzi alipiga simu kutoa habari. Akaambiwa awakusanye, awaweke kwenye beseni la maji, kwa sababu kuna wageni waliochangia kiota hicho na wangependa kuwaachilia wenyewe saa kumi jioni. Alikataa. Akakumbushwa kwamba nauli yake inatoka ofisini. Akaleta beseni.

Mimi si mtaalamu wa kasa, lakini nimesoma bango lililo ukutani mwa ukumbi wenu, na linasema vizuri. Kifaranga anatoka mchangani na akiba ndogo ya kiini cha yai tumboni. Akiba hiyo ni ya kumvusha mawimbi, kumpitisha kwenye mwamba wenye samaki wanaomngoja, na kumfikisha kwenye kina, kwa kuogelea bila kupumzika siku yake ya kwanza duniani. Ukimtia kwenye beseni haogelei kidogo. Anaogelea vilevile, kwa nguvu zote, akigonga ukingo, akizunguka, tangu alfajiri mpaka jioni. Unapomwachilia, akiba imekwisha na safari haijaanza.

Saa kumi ikafika. Kamba ikavutwa kwenye mchanga, watu wakapanga mstari na simu zao. Baadhi ya vifaranga walikwenda. Wengi walikuwa wanakokota mapezi kama wazee. Kunguru, ambao mchana hawachezi mbali, walishuka wakachukua wawili mbele ya kila mtu, na mtoto mmoja wa mgeni akaangua kilio. Mama yake akamwambia ndivyo maumbile yalivyo. Sivyo, mama. Usiku kunguru hulala.

Upande mmoja wa kamba ile nilikuwa nimeishika mimi. Naliandika hili lijulikane, kwa sababu ningeweza kuiachia nikaondoka, na sikufanya hivyo. Niliogopa kuonekana mkorofi mbele ya wageni. Hukadiriwa kwamba katika vifaranga elfu moja labda mmoja ndiye anayefikia kuwa kasa mkubwa. Sijui siku ile tulimpoteza nani.

4. Kazi ni yetu, cheti ni cha mwingine.

Vijana kutoka ng'ambo hulipa kukaa kituoni wiki tatu au nne. Sina neno nao. Wengi ni watoto wazuri, na mmoja alinifundisha kutumia kamera ya chini ya maji. Wanapoondoka hupewa cheti kinachosema walikuwa wasaidizi wa utafiti. Binti wa hapa aliyehesabu viota misimu minne mfululizo aliomba barua ya kuambatanisha na maombi yake ya chuo. Alizungushwa miezi miwili, kisha akapewa karatasi inayosema "alishiriki katika shughuli za jamii." Misimu minne ya usiku imekuwa kushiriki. Yeye ndiye aliyemfundisha yule wa wiki tatu kutofautisha nyayo za kasa wa kawaida na za ng'amba, kasa wa aina nyingine.

Na matokeo hayarudi. Tunajaza fomu, tunapima joto la mchanga, tunaandika ukubwa wa pweza bandarini, karatasi zinaingia ofisini, mlango unafungwa. Mwaka mmoja niliona kwa mgeni ripoti iliyochapwa kwa Kiingereza, ndani yake kuna ramani ya miamba yetu. Miamba ile ina majina, kila mmoja, na wavuvi ndio waliowapa watafiti majina hayo wakiwa mashuani. Kwenye ramani ilikuwa A, B, C mpaka H.

Desemba 1952, huko Komoro, mvuvi wa Nzwani aitwaye Ahamadi Abdallah alivua coelacanth, samaki ambaye wataalamu walikuwa wamemtafuta tangu yule wa kwanza aonekane Afrika Kusini mwaka 1938. J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, alikuwa amesambaza karatasi zenye picha yake na ahadi ya pauni 100. Dunia ilidhani samaki huyo alikwisha pamoja na madinosau, ilhali wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake siku zote: gombessa. Nawasimulia hili kwa sababu moja. Zaidi ya miaka 70 imepita na jina la mvuvi yule bado linatajwa kila hadithi hiyo inapoandikwa. Hao walikuwa watu wa zamani, wa enzi za ukoloni, na bado walikumbuka kuuliza, "Wewe nani?"

5. Anayeumia hujitibu.

Kijana alichanwa mguu na chupa katika siku ya usafi, akashonwa zahanati. Tulichangishana kwa simu. Fulana ziligawiwa kwa watu wote siku ile, gambuti hazikugawiwa kwa yeyote. Nadhani mmoja wenu angeamua tu kupunguza fulana.

6. Picha za watoto wa shule zinatumika bila mzazi kuulizwa.

Wamo kwenye mabango, wamo kwenye vijitabu vya kuombea fedha, mmoja wao akiwa na uniform iliyochanika ambayo alikuwa nayo siku hiyo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi. Hata isingetaka, mama yake anaishi hatua mia mbili kutoka lango lenu.

Bwana Mkurugenzi, najua yatakayosemwa, kwa sababu nimeshayasikia koridoni.

Mtasema tarehe zinapangwa na wafadhili. Zile za dunia, Juni 8 na Julai 26, hatukuombi mzibadilishe. Lakini saa ya kuanza haipangwi na Umoja wa Mataifa. Na mfadhili ambaye amekuja mpaka huku kwa ajili ya bahari, sioni kwa nini asiambiwe kwamba bahari ina saa zake. Pengine hilo lingekuwa somo bora kuliko lile la kwenye skrini. Wageni wale wa Juni wangelala usiku mmoja tu, wakaamka nasi Jumapili, saa tano maji yangekuwa yametoka tena. Nyumba za kulaza wageni tunazo, na bei si ya hoteli.

Mtasema hakuna bajeti. Kuangalia mwezi ni bure. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, lipo, na asiyelipata aje kwangu nitamnakilia mwaka mzima kwa mkono.

Lipo lile la kwamba kujitolea ni hiari, asiyeridhika asije. Ni kweli ni hiari. Mgeni wangu naye ni wa hiari, na sijamwekea mezani chakula nilichojua haruhusiwi kula. Na wapo watakaosema kwamba mwalimu anataka kazi. Nina miaka 63 na magoti mabaya. Kazi ninayoitaka ni kukaa kivulini nisome gazeti.

Kuhusu sanduku la maoni lililo mapokezi, kufuli lake limeshika kutu. Nilijaribu.

Sasa tunachoomba. Tunaomba kalenda ya siku zote za jamii za mwaka 2025 ipangwe kwa kukaa na watu wa BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo), wavuaji pweza na walimu, jedwali la maji likiwa mezani, na itangazwe kabla ya Januari. Tunaomba kifaranga wa kasa asishikwe kusubiri mtu yeyote, awe mgeni, mfadhili au waziri. Kiota kikifunguka usiku, kiachwe kifunguke usiku, na anayetaka kuona aje kukesha na walinzi, kahawa tutampikia. Agizo hilo litoke kwa maandishi, ili mlinzi awe na karatasi ya kuonyesha siku atakapopigiwa simu. Tunaomba mikoko isipandwe tena mpaka wanaoujua msitu wapaone mahali, na nguvu ya kwanza iende kwenye kalavati. Anayejitolea msimu mzima apewe barua inayotaja alichofanya hasa, na kwa muda gani. Matokeo yaletwe kijijini mara moja kwa mwaka, kwa Kiswahili, kwa mdomo, na miamba irudishiwe majina yake. Gambuti, glavu na gharama ya zahanati ziwe za kituo. Picha za watoto ziondolewe mpaka wazazi waseme.

Kuhusu ripoti iliyosema mila inawazuia wanawake, tunaomba sentensi hiyo isahihishwe kwa waliosomewa. Hili ni la akina mama wenyewe. Walinituma nilitaje peke yake.

Tunawaalika kwenye kikao Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, chini ya mkwaju ulio karibu na banda la samaki. Siku hiyo mwezi ni nusu, maji mafu, wavuaji pweza watakuwa nyumbani. Tungefurahi kumwona Mkurugenzi mwenyewe. Afisa wa jamii anakaribishwa pia, sina kinyongo naye, chai tutamtilia kwenye kikombe chenye kisahani.

Mpaka kikao hicho kifanyike, sisi tulioweka vidole hapa chini hatutavaa fulana za kituo wala kusimama kwenye picha za siku za jamii. Ulinzi wa viota hautasimama hata usiku mmoja. Walinzi wamekubaliana kuendelea chini ya BMU, bila nauli ya ofisini, na vifaranga wa usiku wataenda baharini usiku. Beseni limerudishwa jikoni kwa mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa daftari,
kwa niaba ya watu 31 wanaojitolea, ambao alama za vidole vyao ziko kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni.

Nakala:
Mwenyekiti wa BMU
Chifu wa lokesheni
Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, awasomee wazazi
Akina mama wa pweza (watasomewa Jumatatu, bamvua ikiwa haijafika)